Jino Linacheza, Ufizi Unatoa Damu: Tafuta Chanzo Kabla ya Koleo

Maneno ninayoyasikia zaidi kwenye chumba cha meno ni "ng'oa tu". Mtu anakaa kitini, anafungua kinywa, analishika jino kwa vidole viwili na kulitikisa ili nami nione, kisha anasema ng'oa tu, limeshachoka. Mara nyingi jino lenyewe ni zima: halina tundu wala ufa. Kilichochoka ni kile kilicholishika. Ukijua jino hushikwa na nini, utaweza kuisoma dalili yako na kujua kama ni jambo la mswaki nyumbani, la kwenda kliniki wiki hii, au la kukimbilia hospitali usiku huu.

Jino limeshikwaje

Wengi tunadhani jino limechomekwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kumbe jino zima halijagusana na mfupa hata kidogo. Kati ya mzizi na mfupa ipo nafasi nyembamba, kama sehemu mbili za kumi za milimita, sawa na unene wa karatasi mbili za daftari. Nafasi hiyo imejaa nyuzi fupi zisizohesabika. Upande mmoja zimezama kwenye ganda jembamba linaloufunika mzizi, upande wa pili zimezama kwenye mfupa wa tundu la taya. Jino limening'inia humo.

Fikiria kitanda cha kamba, kile cha teremka tukaze. Mifumbati ni mfupa, kamba ni nyuzi, na aliyelala ni jino. Ukitafuna mfupa wa kuku kitanda kinabonyea kidogo, kamba zinavuta mifumbati, kisha vyote vinarudi mahali pake. Nyuzi hizo zina mishipa ya fahamu, ndiyo maana unaihisi chembe moja ya mchanga kwenye kijiko kizima cha wali. Na kama kilivyo kitanda, kamba zisipokazwa zinalegea. Mwili hufanya kazi hiyo bila kupumzika, huondoa nyuzi kuukuu na kufuma mpya kwa kasi inayozidi ile ya ngozi.

Ufizi ndio mlango wa yote hayo. Umelibana jino shingoni kama ukosi wa shati, na kati yao umebaki mfereji mdogo wa milimita 1 hadi 3. Mlango ukiwa mzima, vijidudu vya kinywani havifiki chini. Ukifunguka vinashuka, mwili unapigana navyo, na katika vita hiyo mwili wenyewe unateketeza kamba na mifumbati. Mfupa ukishaliwa, kwa kawaida haurudi kimo chake cha zamani. Kinachowezekana ni kuzuia usiendelee kuliwa.

Neno moja kuhusu rangi, kwa sababu limewatia hofu watu wengi bure. Vitabu vingi vinasema ufizi mzima ni wa pinki. Fizi zetu nyingi ni za kahawia au nyeusi, au zina mabaka ya rangi zote mbili, na hiyo ni rangi ya ngozi tu. Unachotakiwa kutazama ni ukingo unaogusana na jino. Ukingo mzima ni mwembamba, umelala juu ya jino, hauna mng'ao. Ukingo mgonjwa umetutumka, unang'aa kana kwamba umepakwa mafuta, na ukiugusa damu inatoka. Washa tochi ya simu, simama mbele ya kioo, vuta mdomo wa chini kwa kidole, anza kukagua hapo.

Ufizi unatoa damu ukipiga mswaki

Hii ndiyo dalili ya mapema na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mtu akiona damu, analikwepa eneo lile. Mswaki unapita mbali, wiki ya pili damu inazidi, naye anazidi kukwepa. Damu hiyo inataka mswaki ufike palepale.

Chanzo cha kawaida ni utando. Asubuhi kabla ya kupiga mswaki, pitisha ukucha taratibu kwenye shingo ya jino, pale linapokutana na ufizi. Kile kinachobaki ukuchani, cheupe kuelekea manjano, laini kama uji uliopoa, ni vijidudu vilivyo hai na makazi vilivyojijengea. Usipokiondoa, madini ya mate hukigandisha ndani ya siku chache kikawa ugaga, mgumu kama chokaa iliyokauka, na ugaga hautoki kwa mswaki. Hupenda kushika upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini na upande wa shavuni wa magego ya juu, kwa sababu mifereji ya mate inafungukia hapo. Weka ulimi nyuma ya meno yako ya mbele ya chini. Ukikuta ukuta mmoja wenye mikwaruzo badala ya jino moja moja laini, huo ni ugaga.

Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmaki, Harald Löe na wenzake waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporuhusiwa kupiga mswaki tena, fizi zilirudi hali ya kawaida kwa takriban wiki moja. Nawasimulia wagonjwa habari hii kwa sababu inawapa kipimo cha kufanya nyumbani.

Jipe siku 14. Nunua mswaki wenye brashi laini, usichague ule mgumu kwa kudhani unasafisha zaidi. Egemeza brashi pale jino linapokutana na ufizi, imelala kidogo kuuelekea ufizi, tikisa kwa miondoko mifupi, kisha vuta kuelekea ncha ya jino. Dakika mbili, asubuhi na usiku. Ikibidi kukosa mara moja, isiwe ya usiku. Katikati ya meno brashi haifiki, kwa hiyo pitisha uzi wa meno au zile brashi ndogo za katikati, ukilikumbatia jino moja kisha la pili. Anayetumia mswaki wa mti asiuache, unafanya kazi vizuri. Atafune ncha mpaka ilainike iwe kama brashi, aikate kila ikichakaa, aupitishe kufuata urefu wa jino, na asisahau upande wa ulimini, ambako wengi wa mti hawafiki kabisa.

Siku tatu nne za mwanzo damu itaendelea, na mahali pengine itaongezeka. Usiogope. Ikikoma kufikia wiki ya pili, tatizo lilikuwa kwenye ufizi tu, nyuzi na mfupa havijaguswa, na umeshajitibu. Ikikoma kote lakini ikabaki sehemu moja, pale pana kitu: ugaga uliojificha chini ya ufizi, ukingo wa jino lililozibwa uliojitokeza, au mwanya unaodaka nyama kila siku. Nenda uonyeshe sehemu hiyo hiyo kwa kidole. Isipokoma popote ilhali umefanya kwa uaminifu, basi ugaga ni mwingi na unahitaji kukwanguliwa kliniki.

Kuna damu nyingine zisizofuata njia hiyo. Mjamzito fizi zake huvimba kirahisi, kwa kawaida kuanzia mwezi wa pili, kwa sababu homoni za mimba huukuza mwitikio wa ufizi kwa utando uleule wa kila siku. Wapo wanaoamini mtoto ananyonya chokaa ya meno ya mama, lakini sivyo. Kusafishwa meno ukiwa na mimba ni salama, na miezi ya katikati ndiyo raha zaidi kukaa kitini. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au asprini ya kila siku, aseme mapema, wala asiziache kwa uamuzi wake. Damu inayojitokea yenyewe bila kuguswa, unaamka imelowesha mto, pamoja na madoa ya zambarau mwilini, homa, kupauka au damu za pua, hiyo si ya daktari wa meno peke yake. Pima damu haraka.

Halafu kuna ukosefu wa vitamini C. Nyuzi zinazoshika jino haziwezi kufumwa bila hiyo. Ni kama kumwambia fundi kitanda akaze kamba bila kumpa kamba. Mtu anayekula nafaka na maharage makavu miezi mfululizo, bila tunda wala mboga ya majani, fizi hututumka zikawa kama sifongo, zinavuja, meno yanalegea, na miguu inauma. Ugonjwa huo ndio kiseyeye. Mwaka 2017 na 2018 kiliwapata vijana wa Sudan Kusini katika kambi ya Kakuma huko Turkana, na wengi wao walilalamikia miguu kwanza. Mapera, machungwa na ubuyu hurekebisha hili kwa haraka ya kushangaza.

Na wewe unayevuta sigara ambaye fizi zako hazijawahi kutoa damu, usijipongeze. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo ugonjwa unaendelea chini kimyakimya bila king'ora.

Jino linacheza

Kabla ya kusema ng'oa, jibu maswali manne: ni moja au mengi, lilianza ghafla au taratibu, linauma ukiuma kitu, na mwenye jino ana umri gani.

Moja, limeanza ghafla, linauma ukiligongesha na la juu yake. Hapa mfupa mara nyingi haujaliwa. Kama lilizibwa wiki hii, huenda kizibo kimezidi kimo na jino linapigwa peke yake kila ukifunga mdomo. Hupunguzwa kwa dakika chache na nyuzi zinatulia. Kama lina tundu la zamani, au liligongwa miaka iliyopita na sasa limebadilika rangi, fikiria usaha kwenye ncha ya mzizi. Usaha ukijaa kwenye ile nafasi ya karatasi mbili hulisukuma jino nje kidogo, ndiyo maana wagonjwa husema "limekuwa refu, ndilo linalogusa kwanza". Kamba zimelowa, hazijakatika. Jino likisafishwa ndani ya mzizi na kuzibwa, mara nyingi hukaza tena. Hapa ndipo nasikitika zaidi nikiona koleo limetumika.

Kama meno yanauma na kulegea kidogo asubuhi, misuli ya mashavu imechoka, na anayelala nawe anasema usiku unasaga meno, umeshapata jibu. Hutengenezwa kifaa cha kuvaa usiku kinachogawa ule uzito.

Mengi, taratibu, bila maumivu makubwa, na meno ya mbele yanaanza kutawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Huu ndio ugonjwa wa fizi ulioshuka mpaka kwenye mfupa. Jipime hivi: weka ncha ya kidole cha shahada nusu juu ya ufizi na nusu juu ya jino la juu la mbele, kisha gongesha meno taratibu, ta, ta, ta. Hamia jino la pili, la tatu. Jino lililoshikwa vizuri huhisi kama nguzo. Lililopoteza mfupa linakusukuma kidole kila unapogongesha. Kliniki watapima mfereji wa ufizi kwa kijiti chenye alama za milimita na kupiga picha ya eksirei kuona mifumbati imebaki mirefu kiasi gani. Jino linalocheza chini ya milimita moja kwa pembeni lina nafasi nzuri. Linalozama kwenye tundu likibonyezwa kuelekea chini, kwa kawaida halina pa kushikiliwa tena, na hapo nakubali, ling'olewe.

Katikati ya hayo mawili kuna kazi kubwa ya kufanya. Ugaga ulio chini ya ufizi ukikwanguliwa wote, uvimbe ukiisha, nyuzi zilizobaki hukaza, na jino lililokuwa likitikisika laweza kutulia kwa wiki kadhaa. Limebaki na mzizi mfupi ndani ya mfupa, lakini linatafuna. Sharti mwenyewe asafishe kila siku, na arudi kila baada ya miezi mitatu minne kukaguliwa.

Meno yakilegea kwa kasi, na majipu madogo ya fizi yanatokea hapa leo na pale mwezi ujao, pima sukari. Kisukari kisichodhibitiwa huufanya mfupa uliwe haraka, na fizi zenye usaha nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Nimeona zaidi ya mtu mmoja aliyegundua kisukari chake kwa kuanzia kwenye kiti cha meno.

Kijana wa miaka 15 hadi 25, kinywa kisafi, hana ugaga wa kuonekana, lakini meno ya mbele na magego ya kwanza yanacheza na kuachana. Usimwambie hapigi mswaki. Kuna aina ya ugonjwa wa fizi inayowaandama vijana, hula mfupa kwenye meno hayo hayo hasa, mara nyingi hutembea kwenye familia, na huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Akiwahi, anatibiwa kwa kukwanguliwa pamoja na dawa za vijidudu zilizoandikwa na daktari. Wadogo zake nao waletwe wakaguliwe.

Mtoto ni habari ya peke yake. Meno ya mbele ya utotoni kulegea kati ya miaka 6 na 8 ni kawaida. Magego ya utotoni hayalegei mpaka karibu miaka 9 hadi 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano ambaye magego yake yanacheza, bila tundu, na taya au shavu upande huo linavimba siku hadi siku, asipelekwe kung'olewa sokoni wala asipewe vidonge vya kusubiri. Huenda ni saratani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza saratani hii ya taya za watoto mwaka 1958, na ndiyo inayobeba jina lake. Hutokea zaidi kwenye maeneo yenye malaria mwaka mzima, ikiwemo kandokando ya Ziwa Victoria na pwani yetu. Inakua kwa kasi ya kutisha, lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri mno mtoto akiwahi. Meno yanayocheza huweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza mzazi anayoiona.

Jino limeng'oka lote kwa ajali

Bodaboda, mpira, kuanguka kwenye ngazi. Watu huniletea jino likiwa limefungwa kwenye karatasi laini, limeoshwa kwa sabuni na kukwanguliwa likawa jeupe pe. Wamefanya hivyo kwa nia njema, na wameua kile ambacho kingelirudisha. Ule utelezi mwembamba wa rangi ya nyama juu ya mzizi ni nusu ya kamba zilizokatika, na bado ziko hai. Zikikauka zinakufa, na saa moja kavu inatosha.

Liokote kwa kichwa chake, ile sehemu nyeupe inayoonekana ukicheka. Usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze sekunde chache tu kwa maziwa au maji safi, bila kusugua. Kama mtu ana fahamu na jino ni la ukubwani, lirudishe kwenye tundu lake palepale, upande wa mbonyeo uelekee ulimi, kisha aume kitambaa safi na mwende kliniki. Kama unaogopa kulirudisha, litumbukize kwenye maziwa baridi. Kama maziwa hayapo, mwenyewe ateme mate kwenye kikopo na jino likae humo. Usilitie kwenye maji matupu. Lifike ndani ya nusu saa ukiweza. Litafungwa kwenye majirani zake kwa waya mwembamba kama wiki mbili huku kamba zikijifuma upya, na sindano ya pepopunda itakumbukwa.

Jino la utotoni usilirudishe, litaumiza la ukubwani lililo chini yake. Na aliyepoteza fahamu au kutapika baada ya kugongwa, kichwa kwanza, jino baadaye.

Ufizi umeshuka, jino limekuwa refu, baridi inapenya

Maji ya friji yanachoma, embe bichi linatia ganzi. Mzizi umebaki wazi, na ganda lake ni laini kuliko sehemu ya juu ya jino. Tazama umeshuka wapi. Ukiwa umeshuka upande wa nje tu, hasa kwenye chonge na jirani zake, ufizi wenyewe ni mkavu hautoi damu, na kuna kijishimo kwenye shingo ya jino, huyo ni mswaki: mgumu, wa kupeleka huku na huku kama msumeno, au mkaa na majivu. Badilisha namna unavyopiga mswaki kabla ya kubadilisha dawa ya meno. Dawa za meno nyeti husaidia, lakini zipe wiki kadhaa, na usiku ukimaliza tema bila kusukutua. Ukiwa umeshuka pande zote, na damu au harufu ipo, rudi kwenye sehemu ya jino linalocheza.

Wanaokula tambuu au kuweka ugoro hushukiwa na ufizi mahali palepale wanapoweka tonge. Kama hapo pana baka jeupe au jekundu lisiloondoka, au ufizi umekuwa mgumu na mdomo haufunguki kama zamani, onyesha daktari mapema. Popoo na tumbaku huleta saratani ya kinywa.

Ufizi umevimba

Kipele kimoja kinachotoa usaha, kinapona na kurudi palepale, ni bomba la usaha. Umetoka kwenye ncha ya mzizi au kwenye mfuko wa ufizi, na dawa ya kumeza inanyamazisha tu. Hapa wengi wananunua vidonge vya rangi mbili dukani, maumivu yanapoa siku nne, mwezi ujao yanarudi na nguvu. Ugaga ungalipo, jino bovu lingalipo. Mafuta ya karafuu yanatuliza maumivu kweli, na kiini chake kiitwacho yujenoli kinatumika mpaka leo kwenye vizibo vya muda vya meno, lakini hayatoi usaha. Asprini kuwekwa juu ya ufizi inauunguza. Maji ya chumvi ya uvuguvugu ni salama ukiwa unasubiri miadi.

Fizi zote zimenenepa, zinapanda juu ya meno, na mtu hana maumivu: uliza dawa anazokunywa. Fenitoini ya kifafa, nifedipini na amlodipini za presha zinajulikana kufanya hivyo. Asiache dawa. Arudi kwa aliyemwandikia waone kama kuna badala, na meno yasafishwe, kwa sababu penye utando mdogo unene nao huwa mdogo.

Nyama nyororo nyuma ya gego la mwisho, kumeza kunauma, kijana wa miaka 18 hadi 25: gego hilo linatoka na limebaki nusu chini ya ufizi, chakula kinaingia chini ya kifuniko hicho.

Na mtoto mchanga. Naomba hapa unisikilize. Uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto wa miezi michache, pale chonge litakapotoka, ni jino lake la kawaida likijitengeneza chini ya ngozi nyembamba. Wapo wanaouita meno ya plastiki au ya nailoni, Uganda wanaita ebino, na kusema ndiyo yanayoleta kuharisha na homa, kisha yanachimbuliwa kwa kisu, kwa ukucha au kwa spoku ya baiskeli. Mtoto anatoka damu, anapata maambukizi, wengine hufa, na aliyepona hukua bila chonge au akiwa na meno yaliyopinda. Anaharisha kwa sababu ya maji au chakula kichafu, au malaria na magonjwa mengine ambayo hayajapimwa. Mpe maji yenye chumvichumvi ya pakiti, mnyonyeshe, mpeleke kituo cha afya. Ufizi wake usiguswe.

Vidonda, harufu kali, ncha za ufizi zimekatika

Vile vipembe vya ufizi vinavyoingia katikati ya meno vinaonekana kama vimeng'atwa, vina utando wa kijivu, vinauma vikali na kinywa kinanuka hata kwa aliye mbali kidogo. Hii huja ghafla kwa mtu aliyechoka sana, asiyekula vizuri, anayevuta sigara, au mwenye kinga iliyoshuka. Hutibika vizuri kwa kusafishwa na dawa ya metronidazo aliyoandika daktari. Ushauri wangu ni kupima VVU pia, kwa sababu ufizi huweza kuonyesha kabla ya sehemu nyingine.

Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 6 aliyedhoofika, hasa anayetoka kuugua surua, kidonda cha namna hii ufizini na shavu lililovimba ni dharura. Ugonjwa huo unaitwa noma. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Ndani ya siku chache hutoboa shavu. Siku ile ya kwanza, ikiwa bado ni ufizi tu, dawa za vijidudu, kusafisha kinywa na chakula bora huisimamisha.

Nilisafishwa, sasa meno yanacheza na yana mianya

Lawama hii naisikia kila wiki, na mwenye nayo huwa anasema kweli alichokiona. Alikuja na meno yasiyo na mianya, akaondoka nayo yakiwa na mianya. Kilichokuwa kwenye mianya ni ugaga. Ulijaza nafasi iliyoachwa na mfupa, na kwa meno ya mbele ya chini uliyafunga pamoja kama saruji kati ya matofali, kwa hiyo jino moja lisingeweza kutikisika peke yake. Kuondolewa kwake kumeonyesha hasara iliyokuwepo tayari. Baridi itapenya wiki mbili tatu, fizi zitashuka kadiri uvimbe unavyoisha, kisha vitatulia. Kama baada ya miezi miwili jino bado linacheza vilevile, rudi lipimwe upya. Aliyekusafisha angekuambia haya kabla hujafungua mdomo, na asipokuambia, una haki ya kuuliza.

Usiku huu, usingoje asubuhi

Uvimbe ulioshuka chini ya taya mpaka shingoni, mgumu kama ubao ukiubonyeza, ulimi unainuliwa juu, mate yanadondoka kwa sababu kumeza kunashindikana, sauti imebadilika, mdomo haufunguki zaidi ya vidole viwili, homa ipo. Usaha wa jino umeingia chini ya ulimi na unaweza kuziba njia ya hewa. Usilale chali, usichue, usiweke kitu cha moto. Nenda hospitali yenye upasuaji, na ukifika mapokezi usiseme "jino linauma", watakuweka kwenye foleni. Sema "nashindwa kumeza na shingo inavimba".